AFYA NA TWAHARA: Supu ya tambi asubuhi – tunachojifunza kutoka kwa Wajapani



Wapo ndugu zetu wengi wanaosafiri kwenda Japani. Wengine huenda kwa masomo, wengine kwa mafunzo ya kazi, na wengine kufuata magari yaliyotumika ambayo leo yamejaa katika barabara zetu. Mmoja wa wasafiri hao aliuliza kama ni salama kula asubuhi ile supu ya tambi inayoitwa rameni, na kama inamfaa Muislamu. Swali hili ni zuri, na jibu lake linamhusu hata yule asiyetarajia kupanda ndege. Sisi pia tuna supu yetu ya asubuhi, na tuna tambi za pakiti majumbani mwetu.

Rameni ni nini, na kwa nini asubuhi?

Rameni ni bakuli la mchuzi wa moto lenye tambi za unga wa ngano, vipande vya nyama, vitunguu vya majani, na mara nyingi yai. Asili yake ni Uchina, lakini Wajapani wameifanya yao. Tambi zake hukandwa kwa unga, maji, chumvi na aina ya magadi. Magadi hayo ndiyo yanayozipa rangi ya manjano na kuzifanya zivutike bila kukatika ovyo. Mama zetu wanaotia magadi kwenye maharage wanaijua tabia ya kitu hiki.

Si Wajapani wote wanaokula rameni asubuhi. Chakula chao cha asili cha asubuhi ni wali, supu ya soya na samaki. Lakini ipo miji ambayo rameni ya asubuhi ni desturi, nao huiita “asa-ra”. Mji unaojulikana zaidi kwa jambo hili ni Kitakata, katika mkoa wa Fukushima. Huko vipo vimgahawa vidogo vya mitaani vinavyofungua milango tangu saa moja asubuhi. Inaelezwa kuwa desturi hii ilitokana na wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu ya usiku, pamoja na wakulima waliorudi kutoka shambani baada ya kazi ya alfajiri. Katika mji wa Fujieda, mkoa wa Shizuoka, desturi kama hiyo inahusishwa na watu wa biashara ya majani ya chai, ambao kazi yao huanza mapema sana.

Bila shaka msomaji umeshaona kufanana kwetu. Dereva wa lori, mbeba mizigo wa sokoni na mvuvi anayetoka baharini, wote huanza siku na supu ya ng'ombe, ya mbuzi au ya pweza kwa chapati. Mtu aliyetoka jasho usiku kucha anahitaji maji, chumvi kidogo na chakula cha kumpa nguvu. Kwa mtu huyo supu ina maana. Tatizo linaanza pale mtu wa kukaa ofisini au dukani anapokula chakula cha mbeba mizigo kila siku.

Jambo la kwanza: uhalali

Kabla ya kuzungumzia presha, tuzungumzie halali. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara aya ya 168 ametuamrisha kula vilivyo halali na vizuri. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Mchuzi wa rameni nyingi hupikwa kwa mifupa ya nguruwe. Rameni ya Hakata, kusini mwa Japani, ina mchuzi mweupe mzito kama maziwa kwa sababu mifupa ya nguruwe huchemshwa kwa masaa mengi mpaka mafuta na uboho vichanganyike na maji. Ile ya Kitakata ina mchuzi mwepesi zaidi wa sosi ya soya, lakini nayo kwa kawaida hutumia mifupa ya nguruwe pamoja na dagaa wakavu. Vile vipande vya nyama vinavyowekwa juu navyo kwa kawaida ni nguruwe.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea. Anaomba aondolewe nyama, kisha anakula akidhani amesalimika. Nyama imeondoka, lakini mchuzi ni uleule. Pia zipo rameni za kuku au za samaki ambazo hutiwa kijiko cha mafuta ya nguruwe juu yake. Kuku mwenyewe anaweza kuwa hakuchinjwa kisheria, na sosi inaweza kuwa imetiwa mvinyo wa mchele wa kupikia, unaoitwa “mirin”, ambao huwa na kilevi.

Kwa hiyo anayekwenda Japani ajifunze maneno machache. “Buta” ni nguruwe. “Sake” ni pombe. “Buta o taberaremasen” ni kusema siwezi kula nguruwe. Aulize kuhusu mchuzi na mafuta, asiishie kwenye nyama tu. Alhamdulillah, siku hizi ipo migahawa ya rameni halali katika miji mikubwa kama Tokyo, na Waislamu wa huko wana misikiti ya kuwaongoza. Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, na ule mkubwa wa Tokyo uliojengwa upya ulifunguliwa mwaka 2000. Mgeni aanzie msikitini na kuwauliza wenyeji wapi wanakula.

Jambo la pili: chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi yote: ya mkate, ya mboga, ya supu na ya mezani. Bakuli moja la rameni, mchuzi ukinywewa wote, mara nyingi lina gramu 5 au 6, na mengine huzidi. Maana yake ni kwamba saa mbili asubuhi mtu ameshamaliza fungu lake la siku nzima, bado chakula cha mchana na cha usiku.

Chumvi inafanya nini mwilini? Chumvi huvuta maji. Ikizidi katika damu, mwili hubakiza maji ili kuizimua, na wingi wa maji yanayopita ndani ya mishipa huongezeka. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: ukifungua bomba zaidi, mpira unakaza. Mishipa ikikazwa hivyo miaka na miaka hukakamaa, moyo huchoka kwa kusukuma, na figo zinazochuja damu huharibika polepole. Siku moja mshipa wa ubongoni hupasuka au kuziba, na mtu aliyekuwa anatembea anaanguka. Hicho ndicho kiharusi. Ubaya wa presha ni kwamba mara nyingi haiumi. Mgonjwa hajui mpaka apimwe, na wengi wanaletwa kwetu siku ambayo upande mmoja wa mwili umeshalala.

Wajapani wenyewe wamelipata somo hili kwa machungu. Kuanzia mwaka 1951 mpaka 1980 kiharusi kilikuwa sababu ya kwanza ya vifo nchini mwao. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika mikoa ya kaskazini kama Akita, ambako watu walikula mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi na supu za soya kutwa nzima. Wataalamu walikadiria kuwa huko kaskazini mtu alikula zaidi ya gramu 20 za chumvi kwa siku. Serikali, madaktari na kina mama wa vijijini walifanya kampeni ya kupima presha na kupunguza chumvi, na vifo vya kiharusi vikapungua sana. Hata hivyo wastani wao bado uko karibu na gramu 10 kwa siku, na rameni ni moja ya sababu.

Je, kubakiza mchuzi ni israfu?

Sehemu kubwa ya chumvi ya rameni imo ndani ya mchuzi. Kwa hiyo ushauri wa kitabibu ni mwepesi: kula tambi, yai na mboga, bakiza mchuzi. Lakini hapa Muislamu anasita. Tumefundishwa kusafisha sahani na kuogopa israfu. Je, afuate adabu au afuate tabibu?

Hakuna mgongano. Aya ya 31 ya Suratul A'raf inayokataza israfu inazungumzia kula na kunywa kwenyewe. Kujishindilia kupita haja ni israfu, kama ilivyo israfu kumwaga chakula. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kama mtu hana budi kujaza tumbo, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Isitoshe, ni kanuni inayojulikana katika fiqhi kwamba mtu hajidhuru wala hadhuru wengine. Mgonjwa wa presha anayemalizia mchuzi wa chumvi ili asitupe, chakula hicho kinamwagika ndani ya mwili wake, na hasara ni kubwa zaidi.

Njia bora ni kuzuia tangu mwanzo. Omba bakuli dogo. Omba mchuzi kidogo au ladha nyepesi, kwani baadhi ya migahawa ya Japani humkubalia mteja hilo. Usiongeze tambi mara ya pili, hasa kama una kisukari, maana unga mweupe wa ngano hupandisha sukari haraka. Kwenye supu yetu ya asubuhi fanya hivyohivyo: onja kwanza, na sukuma mbali kile kikopo cha chumvi kilichopo mezani. Limau na pilipili vinatoa ladha bila chumvi.

Usinywe ikiwa inatokota

Rameni huliwa ya moto sana, kabla tambi hazijalainika. Wajapani huivuta kwa sauti, na kwao si utovu wa adabu. Lakini mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa kunywa vitu vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda kunasababisha saratani ya umio. Afrika Mashariki ni moja ya sehemu za dunia zenye saratani hiyo kwa wingi, basi tahadhari ni yetu zaidi. Na sisi tumekatazwa kupuliza ndani ya chombo. Acha bakuli likae dakika chache, soma bismillahi, shika vijiti au kijiko kwa mkono wa kulia, kisha kula taratibu.

Usafi wa kuiga

Mgahawa wa rameni wa mtaani ni mdogo, mara nyingi una viti vinane au kumi mbele ya jiko. Lakini hauwezi kufunguliwa bila kibali cha ofisi ya afya ya eneo, na lazima awepo mtu aliyepewa dhamana ya usafi wa chakula. Tangu Juni 2021 sheria yao inawataka wenye migahawa wote, wakubwa kwa wadogo, kufuatilia hatua zenye hatari katika upishi na kuweka kumbukumbu.

Jambo la kuvutia zaidi ni pesa. Katika migahawa mingi mteja hutia pesa kwenye mashine mlangoni, hupata tiketi, na kumkabidhi mpishi tiketi tu. Kwetu sisi mkono uleule unapokea noti, unarudisha chenji, kisha unakunja chapati. Hatuhitaji mashine. Mama lishe anaweza kumweka mtoto wake mkubwa kupokea pesa, yeye akabaki na chakula. Kama yuko peke yake, atumie koleo kushikia chapati na anawe kwa sabuni kila akishika pesa.

La pili ni supu iliyolala. Katika sufuria kubwa la nyama lililoachwa jikoni usiku kucha, vipo vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Supu ikipoa polepole, huamka na kuzaliana kwa mamilioni. Mlaji hupata tumbo la kukata na kuharisha baada ya masaa 6 mpaka 24, naye humlaumu samaki wa jana. Dawa yake ni kuiacha jikoni ikiwa ya moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, au kuigawa katika vyombo vidogo ipoe ndani ya masaa mawili, ifunikwe na iwekwe kwenye friji. Asubuhi ichemshwe mpaka itokote yote, si kupashwa moto juujuu.

Tambi za pakiti nyumbani

Mwaka 1958 Momofuku Ando wa Japani alianza kuuza tambi zilizokaangwa na kukaushwa, za kumwagiwa maji ya moto. Ndizo tambi za pakiti ambazo leo watoto wetu wanakula kabla ya kwenda shule. Si sumu, lakini ni unga, mafuta na chumvi, na chumvi nyingi imo kwenye kile kijikaratasi cha viungo. Soma pakiti: kiasi cha sodiamu kizidishe kwa mbili na nusu upate chumvi. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, na mtoto anatakiwa apate chumvi kidogo kuliko mtu mzima. Tia nusu ya viungo, ongeza yai na mchicha au karoti, na isiwe kila siku. Tazama pia alama ya halali. Na wakati wa daku jiepushe nazo, maana chumvi yake itakupa kiu tangu mapema.

Ndugu msomaji, ukiwa na miaka 40 au zaidi, pima presha wiki hii hata kama hujisikii vibaya. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu amepunguza chumvi. Aendelee nazo mpaka tabibu wake amwambie. Mwili ni amana, na amana itaulizwa.

Wabillahi tawfiq.