Mfadhili akiondoka: Asasi za Kimara zahitaji hesabu za duka

MFANYABIASHARA wa jumla wa Kimara Mwisho anayekikopesha kituo cha watoto magunia manne ya mchele kwa daftari huwa hajiulizi fedha ya kulipia itatoka wapi. Kituo kipo miaka mingi, kibao chake kinaonekana barabarani, na kila baada ya miezi mitatu deni hulipwa. Asilolijua ni kwamba mara nyingi mlipaji wa deni hilo ni mfadhili mmoja aliye ng'ambo. Siku mfadhili huyo akifunga mkoba, daftari la dukani nalo hubaki na deni lisilolipika.

Hofu hiyo si ya kufikirika. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe upya. Ilipofika Julai 1 mwaka huo, shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lililoanzishwa mwaka 1961, lilikoma kutoa misaada, na kazi zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Hapa nchini fedha hizo ndizo zilizokuwa zikiendesha miradi mingi ya afya, hasa ya UKIMWI. Mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyokuwa na chanzo kimoja cha mapato yalijikuta katika hali ya mwenye duka la bidhaa moja ambaye kiwanda kimemfungia mlango.

Katika hali kama hiyo, viongozi wa asasi hukimbilia lililo karibu. Mmoja hupendekeza harambee, mwingine chakula cha jioni chenye kadi za kulipia, wa tatu mbio za hisani kwa sababu ameona benki zikifanya. Uamuzi hupitishwa katika kikao kimoja, kamati ikaundwa na fulana zikachapishwa. Hesabu hufanywa mwisho, wakati fedha imekwisha kutumika.

Njia nne za kukua

Wasomi wa biashara walilitazama tatizo la aina hii zamani. Mwaka 1957 Igor Ansoff, mtaalamu wa uongozi wa biashara aliyezaliwa Urusi na kufanya kazi Marekani, aliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba biashara ina njia nne za kukua. Ya kwanza ni kuwauzia zaidi wateja ulio nao bidhaa uliyo nayo. Ya pili ni kuipeleka bidhaa hiyo kwa wateja wapya. Ya tatu ni kuwaletea wateja ulio nao bidhaa mpya. Ya nne ni bidhaa mpya kwa wateja wapya, na hiyo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Mpango huo unaifaa asasi bila kubadilishwa sana. Wateja ni wachangiaji, na bidhaa ni njia wanayochangia. Kituo cha Kimara ambacho kwa miaka 10 kimeishi kwa kuandika maandiko ya miradi, kisha ghafla kikaamua kufanya mbio za hisani kwa watu kisiowafahamu, kimeruka hadi njia ya nne. Kimeacha njia tatu rahisi zaidi bila kuzijaribu. Wageni waliowahi kutembelea kituo, wazazi, waumini wa nyumba ya ibada ya jirani na wauzaji wanaokihudumia ni wateja ambao tayari wanakifahamu, lakini huenda hakuna aliyewahi kuwaomba.

Na Kimara si mahali pa watu wasiotoa. Tangu mabasi yaendayo haraka yaanze Mei 2016, kituo cha Kimara kimekuwa mlango wa maelfu ya wafanyakazi na wachuuzi wanaokwenda Kivukoni, Gerezani na Kariakoo. Watu hao hao hupokea kadi za michango ya harusi, huketi katika vikao vya kamati, na hutuma rambirambi kwa simu kabla jua halijazama. Mtu anayetoa shilingi 50,000 kwa harusi ya mtoto wa jirani hawezi kuitwa mchoyo. Mara nyingi asasi ya mtaani kwake haijawahi kumgongea mlango.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa asasi yenye bajeti ya shilingi milioni 60 kwa mwaka. Milioni 48, yaani asilimia 80, zinatoka kwa mfadhili mmoja ambaye ametoa taarifa ya kuondoka. Bodi ina mapendekezo manne mezani. Takwimu ni za mfano tu, lakini kila asasi inaweza kuweka zake.

Pendekezo la kwanza ni chakula cha hisani. Kadi 200 kwa shilingi 50,000 zinaleta milioni 10. Ukumbi, chakula, muziki na uchapaji vinakula milioni 6.5, hivyo kinachobaki ni milioni 3.5. Kila shilingi iliyoingia imegharimu senti 65, na mwakani kazi inaanza upya.

La pili ni wachangiaji wa kila mwezi kwa njia ya simu. Tuseme watu 300 wanajiandikisha kutoa shilingi 5,000, na 100 kati yao wanaacha mapema. Waliobaki 200 wanaleta milioni 12 kwa mwaka. Mtu wa kuwafuatilia analipwa milioni 3, na ujumbe pamoja na makato ya mitandao vinachukua laki 5. Kinachobaki ni milioni 8.5, na gharama ni kama senti 29 kwa kila shilingi.

La tatu ni mradi wa kushona sare za shule katika chumba ambacho asasi tayari inacho. Mauzo ni milioni 24, gharama za vitambaa, mafundi na umeme ni milioni 18, na ziada ni milioni 6. Lakini vyerehani na mzigo wa kwanza vinahitaji mtaji wa milioni 5, kwa hiyo mwaka wa kwanza inabaki milioni 1 tu.

La nne ni andiko kwa mfadhili mwingine. Kuliandaa kunagharimu milioni 1.5. Kama nafasi ya kupata milioni 20 ni moja kati ya nne, thamani yake katika hesabu ni milioni 5, na ukitoa gharama inabaki milioni 3.5. Hata likifanikiwa, asasi inarudi pale pale pa kumtegemea mtu mmoja.

Sasa bodi ijumlishe. Milioni 12 za vyanzo vilivyobaki, milioni 8.5 za wachangiaji wa kila mwezi na milioni 1 ya sare ni milioni 21.5 kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, mtaji ukiwa umerudi, zinafika milioni 26.5. Hata wakiongeza chakula cha hisani wanafika milioni 30, nusu ya bajeti ya zamani.

Hapo ndipo mpango mkakati unapoonyesha kazi yake. Wengi hudhani ni kitabu cha kumridhisha mfadhili, chenye dira, dhamira na jedwali la nguvu, udhaifu, fursa na vikwazo. Kazi yake hasa ni kulazimisha maswali mawili magumu: huduma gani itaendelea na ipi itasimama, na ni njia zipi mbili za kuchangisha zitapewa watu na muda huku nyingine zikiachwa. Asasi inayojaribu njia zote nne kwa wakati mmoja ikiwa na wafanyakazi watano haitaifanya hata moja vizuri. Watoto watakaokosa chakula cha mchana kwa sababu bodi ilikataa kuchagua hawatasaidiwa na wingi wa mapendekezo.

Waliofanikiwa walitumia walichonacho

Mifano ya mafanikio ipo, lakini inahitaji kusomwa kwa makini. Shirika la CCBRT, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1994, lina hospitali Msasani. Humo kuna kliniki binafsi ambayo wagonjwa wenye uwezo hulipia, na ziada yake husaidia matibabu ya wasio na uwezo. Shirika hilo halikulazimika kubuni biashara ya kigeni. Liliuza utaalamu uliokuwa tayari mikononi mwa madaktari wake.

Kampuni ya Geita Gold Mine na Tume ya Kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, zimekuwa zikiendesha changamoto ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano ya UKIMWI tangu mwaka 2002. Benki ya CRDB ilianzisha mbio zake mwaka 2020, na miongoni mwa walionufaika ni watoto wanaotibiwa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Waandaaji hao wana jina kubwa, wateja wengi na makampuni rafiki. Asasi ndogo ya Kimara haina hayo, wala haina uwezo wa kufunga Barabara ya Morogoro asubuhi ya Jumapili.

Kenya nayo ina somo. Wakati wa ukame wa mwaka 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 za nchi hiyo na kulivuka, wananchi wengi wakichangia kwa M-Pesa. Janga hufungua mifuko haraka. Hata hivyo, karo ya shule na mshahara wa mlinzi vinadaiwa hata mwaka usio na janga, na bajeti ya kila siku haiwezi kujengwa juu ya huruma ya msimu.

Njia ya simu nayo ina hatari zake. Julai 2021 Serikali ya Tanzania ilianzisha tozo ya miamala ya simu, kisha ikaipunguza baada ya malalamiko. Aliyekuwa akikusanya michango midogo midogo aliona jinsi gharama ya ukusanyaji inavyoweza kubadilika kwa bajeti moja ya Serikali.

Sheria na akiba

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inaruhusu asasi kuchangisha fedha kwa njia halali, ila wanachama hawaruhusiwi kugawana faida. Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza masharti ya kutangaza fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Mradi wa kushona sare ni biashara mbele ya TRA, hivyo hesabu zake zitenganishwe na za michango tangu siku ya kwanza. Kwa upande wa mtoaji, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa mchango katika mapato yanayotozwa kodi, usiozidi asilimia 2 ya mapato hayo ya biashara, ikiwa taasisi imetambuliwa na Kamishna kuwa ya hisani. Asasi yenye utambuzi huo ina hoja ya kibiashara ya kumpelekea mwenye duka pamoja na ile ya huruma.

Kuhusu akiba, pwani hii ilijua jambo hilo kabla ya neno mkakati kuzaliwa. Zanzibar watu waliweka nyumba na mashamba kuwa wakfu, kodi na mazao yake yakitunza misikiti na wahitaji, na mwaka 1905 iliundwa tume ya kusimamia mali hizo. Nchini Kenya, taasisi ya KCDF iliyoanzishwa mwaka 1997 imejenga mfuko wa kudumu kwa mtindo huo huo: mtaji hauguswi, hutumika faida yake. Kwa asasi ya Kimara, mwanzo unaweza kuwa mdogo. Hatifungani za Serikali zinanunuliwa kuanzia shilingi milioni 1 na hulipa riba kila baada ya miezi sita.

Wanaofikiria kujenga fremu za kupangisha wakumbuke mwaka 2017, nyumba, maduka na hata nyumba za ibada kati ya Kimara na Kiluvya zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Fremu iliyo ndani ya hifadhi ya barabara ni hasara inayosubiri tarehe.

Maswali ya mwenye duka

Mfanyabiashara anayeombwa mchango, mkopo wa bidhaa au kuingia katika bodi ana haki ya kuuliza maswali manne. Mchangiaji mkubwa kuliko wote anatoa asilimia ngapi ya bajeti? Kila shilingi inayochangishwa inagharimu senti ngapi? Akiba iliyopo inatosha miezi mingapi bila mchango mpya? Na njia gani ya kuchangisha imeachwa mwaka huu, kwa sababu gani?

Asasi yenye majibu hayo kwenye karatasi moja inastahili mchele wa mkopo na mchango wa kila mwezi. Isiyo nayo haifai kunyimwa chakula cha watoto, lakini mwenye duka anayetaka kulala usingizi atoe gunia moja kama sadaka, na hayo matatu yalipiwe taslimu.