Mto Hujazwa na Mapaa Yetu

Mto Mathare ulipofurika Aprili 2024 na kuzoa nyumba za wakazi wa bondeni, wapo walioilaumu mvua, na wapo waliowalaumu wakazi wenyewe kwa kujenga kando ya mto. Mimi nilikuwa dirishani nikiyatazama maji yakibubujika kutoka paa la jengo la ghorofa, yakimwagika barabarani na kuteremka kwa kasi. Ndipo nilipojiuliza: mito yetu hujazwa na nani?

Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu yeyote aweza kuifanya ubaoni. Milimita 1 ya mvua katika mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la zege la mita 500 za mraba likinyeshewa milimita 40, humwaga karibu lita 20,000. Hilo ni jengo moja tu! Haba na haba hujaza kibaba. Mapaa nayo hujaza mito.

Dawa ipo, nayo ni kulima juu ya paa. Kwanza hutandikwa utando usiopenywa na maji wala mizizi, kisha tabaka la kupitishia maji, halafu udongo mwepesi wa kina cha sentimita 10 hivi, na mimea istahimiliyo kiangazi. Udongo huinywa sehemu ya mvua na kuyachelewesha maji yanayosalia, ilhali mimea hulipoza jengo wakati wa jua kali. Wajerumani wamejenga mapaa ya aina hii kwa miongo kadhaa. Mwaka 2009, jiji la Toronto nchini Kanada lilipitisha sheria ya kuyalazimisha katika majengo mapya makubwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba mapaa hayo ni ghali na mazito. Ni kweli. Udongo huo ukilowa waweza kufikia kilo 100 na zaidi kwa kila mita ya mraba, mzigo usiobebeka na mabati ya kibanda. Tena mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, udongo hushiba, na mitaro mizuri bado itahitajika. Lakini nasema hivi: mkazi wa kibanda asitwikwe mzigo huu. Autwikwe mwenye jumba la zege, ambaye maji yake huteremka kumgharikisha jirani asiyemjua.

Nawasihi walimu na wanafunzi wasingojee wakubwa. Pimeni paa la shule yenu, pigeni hesabu ya maji liyamwagayo, kisha mwulize huenda wapi. Nayo serikali ya kaunti isiidhinishe ramani ya jumba kubwa kabla mwenyewe hajajibu swali hilo hilo. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na sisi, huko mabondeni, tumekwisha kujenga kuta na kuzika watu.