Maji Kiunoni kwa Kijana Anayekimbia



Huenda mtoto wako anafanya mazoezi ya mbio ndefu, na sasa anataka mkanda wa kubebea chupa ya maji kiunoni. Je, anauhitaji?

Akikimbia kwa muda usiozidi saa moja, na jua si kali, inatosha anywe maji kabla ya kutoka na tena akirudi. Lakini mbio zikipita saa moja, au jua likiwaka sana, ni vyema abebe maji. Jasho hutoa maji na chumvi mwilini. Maji yakipungua, kichwa huuma, mtoto husikia kizunguzungu na mkojo huwa wa rangi iliyokolea.

Chupa ya nusu lita ikijaa ina uzito wa nusu kilo. Akiishika, mkono mmoja huchoka. Ndiyo sababu hufungwa kiunoni. Mkanda ukae kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Usibane pumzi, wala usilegee hata chupa irukeruke na kumchubua ngozi. Kama mkanda wa dukani ni ghali, fundi wa cherehani anaweza kushona mfuko kwenye mshipi wa kitambaa.

Sasa, mama, jambo kubwa ni usafi. Usitumie kamwe chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo, hata ukiiosha. Maji ya kunywa yachemshe. Sehemu za juu kama Iten, zilizopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Basi yaache yatokote kwa dakika 3, kisha yafunike yapoe. Osha chupa na kifuniko kwa sabuni kila siku.

Mwambie anywe kidogo kidogo anaposikia kiu. Asijilazimishe, kwani maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na hiyo ni hatari.

Akichanganyikiwa au akizirai juani, mpeleke kivulini, mmwagie maji mwilini, mpepee, na umkimbize hospitalini. Aliyezirai asinyweshwe chochote.

Leo jioni, hebu ichunguze chupa ya mtoto wako.