Soko Ndani ya Simu: Hesabu za Mwanafunzi wa Fildi Muheza

Chuo kikifunga kwa likizo ndefu, wenzetu wengi hupangiwa fildi mkoani Tanga, na kila mwaka wapo wanaoangukia Muheza. Wa afya wanakwenda Hospitali Teule, wa utafiti wa magonjwa wanakwenda kituo cha Amani cha NIMR, wa kilimo wanakwenda TARI Mlingano kwenye mkonge na udongo, na wa utawala wanabaki halmashauri. Kabla ya kuondoka tunapewa semina ya kujaza logibuku na kuandika ripoti. Semina ya namna ya kula wiki nane mfululizo, mbali na kafteria, hatupewi.

Na hapo ndipo watu wanapokwama. Posho ya chakula na malazi ya HESLB ilipopandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku tulishangilia, lakini ukiwa fildi hela hiyo hiyo inalipa chumba, nauli, bando na msosi. Mtu anatoka zamu ya usiku wodini, hana nguvu ya kwenda sokoni, anaishia kwenye chipsi zege. Kesho tena zege. Wiki ya sita bumu limekata na fildi bado haijaisha. Wapo wanaoimaliza kwa kukopa, na wapo wanaoimaliza kwa kula mlo mmoja kwa siku.

Mimi nilifanya fildi Mlingano. Tulikuwa sita nyumba moja ya kupanga. Mboga za kila siku zilipatikana gengeni, lakini mahitaji ya wiki yalitaka Muheza mjini. Tukaanza kuagiza kwa simu. Hapa naeleza jinsi soko hilo linavyofanya kazi, lini linaokoa hela na lini linakula hela.

Mtandao wenyewe ni upi?

Ukisikia "kununua mtandaoni" unaweza kufikiria programu yenye picha nzuri na kitufe cha kulipia. Muheza mambo si hayo. Mtandao ni vitu vitatu vilivyounganishwa na watu: WhatsApp ya muuzaji, pesa ya simu, na bodaboda. Asubuhi muuzaji anaweka kwenye stetasi picha za mzigo ulioingia: kabichi, karoti na hoho zilizoshushwa kutoka Lushoto, nazi, ndizi, vitunguu. Wewe unatuma oda, yeye anakusanya, bodaboda anabeba. Basi.

Huo mpangilio unaonekana wa kienyeji, ila ukiangalia historia utaona una akili kuliko unavyodhani. Mei 1984, mama wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball, mkazi wa Gateshead, Uingereza, alitumia rimoti ya televisheni kuagiza majarini, mayai na kofleksi kutoka duka la Tesco. Hata neno intaneti lilikuwa halijafika mtaani. Mpango ule ulilenga kuwasaidia wazee na watu wasioweza kutoka nyumbani kirahisi. Yaani tangu mwanzo jambo hili lilikuwa la mtu ambaye safari ya sokoni inamgharimu kuliko bidhaa zenyewe. Mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku yumo kwenye kundi hilo.

Baadaye wakaja wenye mitaji. Kampuni ya Webvan ya California, iliyoanzishwa mwaka 1996, ilijenga maghala makubwa ya kuuza vyakula kwa intaneti, na Julai 2001 ikafilisika. Kwetu, Jumia iliyokuwa ikiuza bidhaa za kila aina mtandaoni ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kila kampuni ilikuwa na matatizo yake, lakini biashara hii ina ugumu mmoja ambao haukwepeki. Ukienda sokoni mwenyewe, unafanya kazi mbili bila kulipwa: unachagua bidhaa na unazibeba hadi nyumbani. Ukiagiza, kazi hizo hazipotei. Anazifanya mtu mwingine, na huyo lazima alipwe. Faida ya kilo moja ya vitunguu ni ndogo mno kulipa watu wawili. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila unapotuma oda ni hili: nani analipia kuchagua na kubeba, na gharama hiyo inagawanywa kwa watu wangapi?

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano wa namba rahisi. Bei zinabadilika, kwa hiyo weka za kwako. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi Muheza mjini ni shilingi 3,000, na kila mtu anakwenda mara mbili kwa wiki. Hiyo ni 6,000 kwa mtu mmoja, na kwa watu sita ni 36,000 kila wiki, kabla hata ya kununua nyanya moja.

Sasa tuseme mnaagiza pamoja mara moja kwa wiki. Bodaboda wa kuleta mzigo 5,000, asante ya muuzaji kwa kuzunguka sokoni 2,000, makato ya pesa ya simu 1,500, bando 1,000. Jumla 9,500. Gawanya kwa sita, inakuja kama 1,600 kwa kichwa. Kila mmoja ameokoa takriban 4,400 kwa wiki, na kwa wiki nane ni kama 35,000. Kwa mwanafunzi hiyo ni hela ya kumalizia fildi bila kugonga milango ya watu.

Ila geuza hesabu. Mtu mmoja akiagiza peke yake, gharama ya 9,500 inabaki karibu ile ile, wakati angekwenda mwenyewe mara mbili angetumia 6,000. Hapo simu imemla 3,500. Teknolojia ni ile ile, muuzaji ni yule yule, tofauti ni idadi ya watu kwenye oda.

Kuna mjanja atauliza: kwa nini msimtume mmoja wenu? Swali zuri. Nauli yake 3,000, na tuseme mzigo wa wote unalipiwa 2,000, jumla 5,000. Ni nafuu kuliko 9,500, na tofauti kwa kila kichwa ni shilingi 750. Kwa hiyo simu haishindi kwa hela hapa. Inashinda kwa muda: huyo mnayemtuma anapoteza karibu nusu siku ya Jumamosi. Wiki ambayo hakuna haraka, tulituma mtu. Wiki ya kukusanya takwimu au ya kuwasilisha ripoti, tuliagiza. Hakuna sheria kwamba ukishaanza kuagiza usikanyage tena sokoni.

Cha kuagiza na cha kuacha

Shida kubwa ya soko la simu ni kwamba sokoni kwetu vitu vingi vinauzwa kwa fungu, kisado au debe, na fungu halina ukubwa rasmi. Picha ya fungu la nyanya haikuonyeshi zilizoko chini. Tuliwahi kupata vitunguu ambavyo kwenye picha vilikuwa kama ngumi na mkononi vikawa kama ndimu. Mpiga picha hakudanganya kitu, alisogeza tu simu karibu. Tangu hapo tulikuwa tunataja kilo au idadi, na tukitaka picha tunaomba iwe na kitu cha kulinganishia pembeni, hata kiberiti.

Sisi tuligawa mahitaji mafungu matatu.

Kwanza, vya dukani: sembe, mchele, sukari, mafuta ya kupikia, chumvi, sabuni. Pakiti ni ile ile ukiinunua wewe au akikununulia mwingine. Hivi ndivyo vya kuagiza, tena kwa wingi, maana tofauti ya bei ya jumla na rejareja ndiyo inayolipia bodaboda. Mchele wa kupima agiza kwa kilo na utaje aina.

Pili, vinavyovumilia siku kadhaa: vitunguu, viazi, maharage, karoti, kabichi, nazi. Agiza, lakini kwa maelezo. Nazi huwezi kuitikisa ukasikiliza maji kwa njia ya simu, kwa hiyo patana mapema: nazi mbovu inarudishwa na bodaboda wa oda inayofuata, au inakatwa kwenye hesabu.

Tatu, vya kununua karibu yako: mchicha, matembele, kisamvu, nyanya zilizoiva, samaki wabichi. Vikipigwa jua kwenye bodaboda vinafika vimechoka. Machungwa nayo ndiyo usiagize kabisa. Upo Muheza, ndugu yangu! Msimu wake ukiwaka yanapangwa barabarani, na kumlipa mtu akuletee chungwa Muheza ni sawa na kuagiza maji ya chumvi ukiwa Raskazone.

Namna ya kuandika oda

Oda mbovu inazaa simu kumi za kuulizana, na hapo muda uliotaka kuuokoa umekwisha. Oda yetu ilikuwa ujumbe mmoja, mfano huu:

"Shikamoo mama. Oda ya nyumba ya fildi, Jumamosi saa nne. Mchele kilo 10. Maharage kilo 4. Vitunguu kilo 3, vya ukubwa wa kati. Nazi 8. Karoti kilo 1, zikikosekana weka hoho. Jumla isizidi 70,000, ikizidi naomba unipigie kabla hujanunua. Ahsante mama."

Angalia mambo matatu: kipimo, kibadala na kikomo cha bei. Kibadala kinamwondolea muuzaji kazi ya kukisia. Kikomo kinakulinda bei zikipanda. Na salamu usiiruke. Yule ni mama anayefunga meza yake kwa dakika ishirini akuzungukie soko, akijua wewe ni mtoto wa watu uliye ugenini. Ukimwandikia kama unaamuru mashine, usishangae ukipewa nyanya za mwisho wa tenga.

Kulipa bila kuliwa

Pesa ya simu ndiyo iliyofungua mlango huu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na leo muuzaji wa mchicha anaweza kupokea hela bila kuwa na akaunti ya benki. Ila kila muamala unaweza kukatwa, na ukituma kwenye namba ya kawaida utaambiwa weka na ya kutolea. Watu sita mkituma kila mtu kivyake, mmelipa makato mara sita. Kusanyeni kwa mtu mmoja, atume mara moja. Muuzaji akiwa na lipa namba, linganisheni makato yake kabla ya kuchagua njia.

Kuhusu utapeli, wote tunaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Mwanafunzi anayesubiri mzigo ni rahisi kunaswa, maana kweli kuna hela anayotakiwa kutuma. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: namba ya kulipia inachukuliwa ana kwa ana siku ya kwanza, ikibadilika tunapiga simu tusikie sauti, na jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri linasomwa. Namba ya tapeli unaituma TCRA kupitia 15040.

Oda ya kwanza tulilipa nusu kabla na nusu mzigo ulipofika. Watu wengi wanaona sharti hili linamlinda mnunuzi tu. Linamlinda na muuzaji. Yeye akishanunua kilo kumi za mchele kwa jirani yake na wewe ukazima simu, mtaji wake wa siku umelala pale. Meza ya mboga haina akiba ya kubeba hasara ya mwanafunzi aliyebadili mawazo. Na sifa mbaya inasafiri: kundi la mwaka huu likimtapeli mama wa sokoni, kundi la mwaka ujao litaambiwa leteni hela yote kwanza, au litakataliwa kabisa.

La kufanya kabla ya fildi ijayo

Kinachochukua muda mrefu ni kumpata muuzaji na bodaboda wa kuaminika. Sisi ilituchukua karibu wiki mbili kati ya nane, yaani robo ya fildi. Tulipoondoka, namba zikaondoka na sisi. Watakaofika Mlingano mwaka huu wataanza upya, na wa Teule na wa Amani hivyo hivyo.

Hili serikali yetu ya wanafunzi inaweza kulitatua bila bajeti. Kila kundi likirudi fildi liwaombe ridhaa muuzaji na bodaboda wake, kisha lipeleke ofisini namba zao, kituo, na makadirio ya nauli. Viongozi wawape wanaopangiwa kituo hicho, pamoja na barua zao za fildi. Mimi za Mlingano ninazo, wenyewe wamekubali, na nitazipeleka wiki hii. Waliokuwa Hospitali Teule, mnasubiriwa.