Plasmasitoma ya umio
Plasmasitoma ya umio ni uvimbe wa saratani unaoota kwenye ukuta wa umio kutokana na seli za plazma, yaani seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Ni adimu mno. Plasmasitoma za nje ya mifupa hutokea zaidi puani na kooni.

Dalili yake kuu, chakula kukwama wakati wa kumeza, ni ileile ya saratani ya kawaida ya umio, ambayo Afrika ya Mashariki inawapata wengi. Ni rahisi kudhani ni hiyo, lakini tiba zake si moja. Kwa mkazi wa Kirumba, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971.

Daktari huingiza kamera ya endoskopi na kukata kipande cha nyama. Kukitazama kwa hadubini pekee hakutoshi: hutafutwa alama ya CD138, kisha kama seli zote zinatoa mnyororo mwepesi wa aina moja, kapa au lambda. Zikiwa mchanganyiko, huenda zimekusanyika kwa sababu ya kidonda tu. Damu, mkojo, uboho na mifupa hupimwa pia, isije ikawa mailoma iliyokwisha kusambaa.

Uvimbe ukiwa mahali pamoja, mionzi ya grei 40 hadi 50, ikigawanywa kwa wiki 4 au 5, mara nyingi huumaliza, na upasuaji mkubwa wa kuondoa umio huweza kuepukwa. Mgonjwa hufuatiliwa miaka mingi, kwani baadhi hupata mailoma baadaye.