Jinsi maji ya mgodini yanavyopimwa, na kwa nini vipimo huokoa uhai

WAHENGA walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mchimbaji anayeshuka mamia ya mita chini ya ardhi ana sababu ya kuizingatia methali hiyo kila siku.

Mgodi wowote unaochimbwa kupita kimo cha maji ya ardhini hugeuka kuwa kisima. Maji yaliyotulia katika nyufa za miamba hutafuta njia ya kuingia katika mahandaki, nayo huingia usiku na mchana, kiangazi na masika, hata siku ambazo kazi imesimama.

Mfano mzuri ni mgodi wa shaba wa Konkola, mjini Chililabombwe nchini Zambia, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgodi huo huhesabiwa miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani, na umekuwa ukitoa takriban mita za ujazo 300,000 kila siku.

Hizo ni lita milioni 300, yaani zaidi ya mitungi 170 ya lita 20 kila sekunde. Maji hayo huishia katika Mto Kafue.

Je, msimamizi wa mgodi hujuaje kwamba pampu zake zinatosha? Hana budi kupima pande zote mbili, maji yanayoingia na yanayotoka, kisha kuzilinganisha. Yanayoingia yakizidi yanayotolewa, tofauti hiyo inabaki chini pamoja na wafanyakazi.

Pale maji yanapochuruzika kutoka kwenye tundu au ufa mmoja, ndoo na saa hutosha. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde nane, ufa huo unatoa lita mbili na nusu kwa sekunde. Kwa siku nzima hizo ni mita za ujazo 216.

Katika mfereji wa handaki, wapimaji hukingamisha kibao cha chuma kilichokatwa pengo la umbo la V. Maji hupita katika pengo hilo, na kina chake hupimwa nyuma ya kibao, mahali ambapo uso wa maji bado haujaanza kuinama.

Pengo likiwa na pembe ya digrii 90, kina cha sentimita 10 kinaashiria takriban lita 4.4 kwa sekunde. Kina kikifika sentimita 20, mtiririko hufika karibu lita 25. Kina kimeongezeka maradufu tu, ilhali maji yameongezeka zaidi ya mara tano.

Ndiyo sababu mpimaji hapaswi kukadiria kwa macho. Akikosea kwa sentimita moja pale kina kilipo 10, jibu lake litapotoka kwa takriban robo nzima.

Njia nyingine ni kutumia bwawa la chini, ambamo maji hukusanywa kabla ya kupandishwa juu. Tuseme bwawa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita tano. Pampu ikizimwa kwa dakika 20 na maji yapande sentimita 30, mita za ujazo 15 zimeingia, sawa na lita 12.5 kwa sekunde.

Pampu ikiwashwa tena na maji yashuke sentimita 10 kwa dakika 20, imetoa yote yaliyoingia pamoja na mita tano za ujazo zilizokuwemo. Basi nguvu yake halisi ni takriban lita 16.7 kwa sekunde.

Kipimo hiki hufichua kosa la kawaida, la kuzidisha saa za kazi kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha pampu. Maji ya mgodini hubeba mchanga unaolika vyuma, na pampu iliyochakaa huweza kunguruma kutwa nzima huku ikitoa pungufu ya inavyodhaniwa.

Aidha, migodi mirefu hupandisha maji kwa ngazi, kutoka bwawa moja hadi jingine. Karani akijumlisha mita za kila ngazi, atayahesabu maji yale yale mara mbili au tatu. Kiasi kinachostahili kuandikwa ni kile kinachotoka juu ya ardhi.

Si maji yote hayo yaliyotoka kwenye miamba. Mengine yaliteremshwa kwa mabomba ili kupoza mashine za kutoboa na kutuliza vumbi, hivyo lazima yaondolewe katika hesabu. Kwa upande mwingine, kuna maji yanayotoka bila kupita kwenye pampu, kama unyevu wa mawe na mvuke unaobebwa na hewa.

Faida kubwa ya vipimo ni kuonyesha mabadiliko. Mtiririko ukipanda ghafla bila mvua, au maji yaliyokuwa meupe yakianza kutoka na tope, huenda wachimbaji wamekaribia ufa mkubwa au shimo la zamani lililojaa maji.

Oktoba 26, 1968, maji kutoka miamba ya chokaa yalipasua njia na kuingia katika mgodi wa dhahabu wa West Driefontein, Afrika Kusini. Ilichukua siku 26 kuyazuia kwa vizibo vya saruji.

Hata mgodi ukifungwa, maji hayakomi. Magharibi mwa Johannesburg, migodi ya zamani ilijaa baada ya pampu kuzimwa, na mwaka wa 2002 maji yenye asidi yakaanza kufurika juu ya ardhi karibu na Krugersdorp.

Humu nchini, Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, ambao hutafuta dhahabu katika maeneo kama Migori, Siaya na Kakamega. Wengi hawana mita za maji, lakini kamba yenye mafundo na daftari vinaweza kuwasaidia.

Shimo lenye urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na nusu, maji yakipanda mita moja kwa saa 12 za usiku, limepokea lita 3,000. Wiki ifuatayo yakipanda mita moja na nusu bila mvua kunyesha, yamefika lita 4,500. Hapo inafaa kusimamisha kazi na kuchunguza chanzo.

Pampu ya petroli nayo isiteremshwe shimoni kamwe, kwani moshi wake huua. Kipimo kichukuliwe kila asubuhi kutoka juu, kabla ya mtu wa kwanza kushuka, na kiandikwe pamoja na tarehe ili zamu inayofuata ikisome.