Madirisha na Milango ya Nyumba ya Mfanyakazi: Joto Litoke, Baridi Isiingie

Ndugu mfanyakazi, unapojenga chumba chako fedha nyingi huenda kwenye matofali na mabati, na dirisha hununuliwa mwishoni, lolote litakaloonekana rahisi dukani. Hapo ndipo hasara inapoanza. Dirisha baya litakufanya ununue mkaa wa kuota moto usiku, au uwashe feni mchana kutwa, na gharama hiyo utailipa kila mwezi muda wote ukaao ndani ya nyumba ile.

Tuchukue Uganda. Mfanyakazi wa kiwanda au wa mashamba ya miwa upande wa Jinja hukaa mahali palipo kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na taabu yake ni joto la mchana. Mchuma chai wa Fort Portal yuko mita 1,500 hivi, na huko Kabale ni karibu mita 2,000, ambako usiku mtu hutetemeka. Dirisha lifaalo Jinja laweza kuwa taabu Kabale. Kwa hiyo usinunue kwa kuiga nyumba ya jirani aliyetoka kufanya kazi mkoa mwingine.

Kwanza fahamu mwendo wa jua. Sisi tuko karibu na Ikweta. Asubuhi jua hupiga ukuta wa mashariki, na jioni ukuta wa magharibi, nalo huwa chini hata upenu hauwezi kulizuia. Saa sita mchana jua liko juu, hata katika Juni linapoelekea kaskazini na Desemba linapoelekea kusini. Saa hiyo upenu wa sentimita 60 tu hufunika kwa kivuli zaidi ya mita 1 ya ukuta ulio chini yake. Basi penye joto weka madirisha makubwa kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi uwe na dirisha dogo, au usiwe nalo kabisa; na kama tayari lipo, panda mti au jenga baraza mbele yake. Penye baridi, dirisha la mashariki ni zuri, maana huleta jua la asubuhi chumbani.

Dirisha moja peke yake halipozi chumba. Upepo huingia pale tu unapokuwa na njia ya kutokea, kwa hiyo yatakiwa madirisha mawili yanayoelekeana, au dirisha na tundu la hewa juu ya mlango. Ukitia wavu wa mbu, na ni lazima kuutia, kumbuka kwamba wavu hupunguza upepo. Afadhali dirisha liwe kubwa zaidi kidogo.

Fremu za chuma zimeenea sana kwa sababu mchwa hazili. Lakini chuma hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko mbao. Ndiyo maana alfajiri huko milimani utaona matone ya maji kwenye fremu ya chuma, na mchana wa jua huwezi kuigusa. Mbao ni bora, mradi ziwe zimekauka. Mvule ni mzuri sana lakini bei yake haishikiki siku hizi. Mkalitusi au paini zatosha zikipakwa dawa ya mchwa. Usikubali seremala akutengenezee mlango kwa mbao mbichi. Zikikauka zitapinda, na nafasi itakayobaki ni mlango wa pili kwa baridi.

Kuhusu vioo: huko Ulaya watu hutia vioo viwili katika fremu moja, na hewa iliyofungiwa katikati hupunguza upotevu wa joto kiasi cha nusu. Kwetu bei yake ni kubwa mno, na kwa maoni yangu hakuna haja. Kioo kimoja, na ndani yake bawa la mbao la kufunga usiku pamoja na pazia zito, ni msaada mkubwa kwa fedha kidogo. Luva za vioo zafaa Jinja, kwa sababu hufunguka zote. Kabale hazifai: hata zikifungwa upepo hupita katikati ya vipande, na mwizi huvichomoa kimoja kimoja bila kelele.

Mlango nao utazamwe chini. Mlango wa upana wa sentimita 80 ukiwa na nafasi ya sentimita 1 tu sakafuni, ni sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 9 kwa 9. Pigilia ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Kupata nyufa nyingine, usiku mwenzako azunguke nje na tochi huku wewe ukiwa ndani gizani. Kila unapoona mwanga, hapo pana kazi ya puti au mpira.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Kuziba nyufa si kuziba hewa. Jiko la mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Usilale na jiko ndani, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha. Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yasizibwe kwa matambara kwa sababu yoyote.

Hayo ni kwa mwenye nyumba yake. Wengi wetu twakaa katika nyumba za mwajiri, wala hatuna ruhusa ya kubomoa hata tofali moja. Mkataba Namba 110 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, unataja nyumba za wafanyakazi, na unataka viwango vyake vieleze vifaa vya ujenzi, ukubwa wa nyumba na upitishaji wa hewa. Kwa hiyo dirisha ni jambo la mezani wakati wa majadiliano. Ila usimpelekee mwakilishi wako maneno ya "nyumba ni mbaya" tu. Mpe namba ya nyumba, ukuta unaoelekea wapi, vipimo vya dirisha, upenu upo au haupo, nafasi ya chini ya mlango ni sentimita ngapi, na watu wangapi hulala humo. Safu nzima ya nyumba yaweza kupimwa kwa futikamba moja katika siku moja ya mapumziko, na karatasi hiyo ifike tawini kabla madai hayajaandikwa.